Kujisimamia: Kisukari, Simu na Kiambishi -ji-

Mezani nilikuwa na rasimu ya kipeperushi cha wagonjwa niliyoombwa kuihariri. Kichwa chake, kwa herufi nene, kilisema: "Usimamizi Binafsi wa Kisukari cha Aina ya Kwanza kwa Teknolojia ya Simu za Mkononi". Mpwa wangu wa kidato cha pili, anayeishi na kisukari hicho tangu darasa la nne, alikuwa amekuja likizo na anasubiri chapati ziive. Nikamsomea. Akaniuliza, "Mjomba, hiyo ni ya hospitali ya kulipia?"

Kosa si lake. Kwetu "binafsi" ni shule ya ada kubwa na hospitali inayokupeleka dirisha la malipo kabla hujaonana na daktari. Mtafsiri alikuta neno la Kiingereza lililoundwa kwa "nafsi" na "usimamizi", akaweka kila kipande mahali pake, akaendelea na safari yake. Likapatikana neno ambalo mhusika mwenyewe halijui, ilhali jambo lenyewe analifanya kutwa mara nne au tano.

Alilifanya pale pale mbele yangu. Alijitoboa ubavuni mwa ncha ya kidole, akagusisha tone la damu kwenye stripu, kimashine kikasoma 13 (milimoli kwa lita). Lengo lake kabla ya kula ni 7. Kwake yeye uniti moja ya insulini hushusha sukari kwa 3, kwa hiyo uniti 2 za kusahihisha. Chapati mbili tulizikadiria kuwa na wanga wa gramu 60, na uniti moja humtosha kwa gramu 10: uniti 6. Jumla 8. Akafungua programu kwenye simu ya mama yake, ikamkumbusha kwamba saa mbili zilizopita alijichoma kwa ajili ya ndizi na maziwa, na sehemu ya dawa ile bado inafanya kazi. Toa 1. Akavuta uniti 7, akajichoma tumboni, akaonja chai akisubiri. Viwango hivyo alipangiwa yeye na daktari wake. Msomaji asivichukue kuwa vyake.

Hilo ndilo jambo tunalolitafutia jina. Katika kisukari cha aina ya kwanza kinga ya mwili huziharibu seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Si ulaji wa sukari uliomfikisha mtoto hapo, ingawa jina "kisukari" limewafanya majirani wengi wamlaumu mama kwa soda za sikukuu. Kazi ambayo kongosho huifanya kimya kimya, usiku na mchana, inabidi aifanye mtu kwa kupima, kukokotoa na kudunga. Daktari humwona kila baada ya miezi kadhaa. Siku zote za katikati ni zake.

Na haikuwa hivyo kila wakati. Insulini ilipoanza kutumika Toronto mwaka 1922, wagonjwa walipata uhai, lakini macho ya kuiona sukari yao hawakuwa nayo. Walichemsha mkojo nyumbani na kimiminika cha Benedict, kile kile wanafunzi wetu wa baiolojia wanachokijua: cha bluu, kikikutana na glukosi hugeuka kijani, njano, mpaka rangi ya tofali. Mkojo, hata hivyo, husimulia ya saa zilizopita. Mwaka 1969 mhandisi wa Marekani, Richard Bernstein, mwenye kisukari tangu utotoni, aliona tangazo la mashine ya kupimia sukari ya damu iliyotengenezwa kwa ajili ya hospitali. Ilikuwa na uzito wa karibu kilo moja na nusu, bei dola 650, na muuzaji hakutaka kumuuzia mtu asiye daktari. Mke wake alikuwa daktari. Ikanunuliwa kwa jina la mke. Bernstein akaanza kujipima mara kadhaa kwa siku na kurekebisha dozi zake mwenyewe. Madaktari wa wakati ule hawakumsikiliza, basi akaingia chuo cha udaktari akiwa na miaka 45. Uthibitisho mkubwa ulikuja 1993, ulipotangazwa utafiti wa Marekani na Kanada uliofuatilia watu 1,441 wenye aina hii. Waliojipima mara nne au zaidi kwa siku na kurekebisha dozi walipunguza hatari ya kuanza kuharibika kwa retina kwa asilimia 76.

Turudi kwenye neno. Wagombea ni wengi na kila mmoja ana kasoro yake. "Kujitibu" ni kwenda duka la dawa na kununua antibiotiki bila cheti. Wizara ya Afya imetumia miaka mingi kutukataza, hatuwezi kulisafisha leo. "Kujihudumia" linanipeleka kwenye foleni ya harusi, sahani mkononi. "Kujitunza" ni neno zuri na kliniki nyingi hulitumia, ila linabeba mno: kuoga, kukata kucha, kukagua nyayo, kulala mapema. Mtu anaweza kujitunza vizuri sana asijue kukokotoa dozi.

Baya kuliko yote ni "kujidhibiti". Linaonekana halali kwa sababu tunasema "kudhibiti sukari", na hapo halina tatizo. Lakini ukitia -ji-, maana inahama. Anayejidhibiti ni mwenye hasira, mlevi, mtu wa tamaa. Mwambie mtoto mwenye sukari ya 13 kwamba hakujidhibiti, na tayari umemhukumu. Huenda alikuwa na mafua tu, au stripu ziliisha, au dawa ilipata joto. Istilahi ya tiba isiyoweza kutajwa bila kumtia mgonjwa hatiani haifai.

Mimi nimechagua "kujisimamia". Msimamizi tunamjua: yupo kwenye mtihani, kwenye jengo, kwenye mirathi. Hafanyi kila kitu kwa mikono yake, ila anajua kinachoendelea na ndiye anayeamua. Kuna atakayeuliza kama ni sahihi kusema "kujisimamia kisukari", kwa kuwa -ji- tayari imekalia nafasi ya mtendwa. Tunasema "kujipima sukari" na "kujichoma sindano" bila kusita, lakini sikio langu linakubali zaidi "kujisimamia ukiwa na kisukari". Anayesimamiwa ni mtu na siku yake.

Upande wa simu istilahi hazisumbui sana. "Simu ya mkononi" inatosha. Wakenya wana "rununu" yao, na wasio na simu janja wana kitochi. Kitochi tusikidharau. Kina kengele ya saa tisa usiku ya kumwamsha mtu apime, na kinapokea ujumbe mfupi. Senegal mwaka 2014 ilianza kuwatumia wenye kisukari ujumbe wa namna hiyo kuelekea na ndani ya Ramadhani: maji, futari, wakati wa kumwona daktari kabla ya kufunga. Simu janja inaongeza kikokotozi cha dozi, daftari lisilopotea, na hesabu ya dawa inayoendelea kufanya kazi mwilini, ambayo napendekeza tuiite "insulini iliyo kazini". Ikiunganishwa na sensa, waya mwembamba uliopenyezwa chini ya ngozi, husoma sukari kila baada ya dakika chache na kupiga kelele inaposhuka. Sensa husoma majimaji yaliyo kati ya seli, si damu, kwa hiyo sukari ikiporomoka kwa kasi namba huchelewa kidogo. Mtu anayetetemeka na kutoka jasho jembamba huku simu inasema yuko salama, ajitoboe kidole kwanza. (Programu aliyokuwa nayo mpwa wangu ilijua aina kumi na tisa za mkate. Ugali haikuujua. Tuliuingiza wenyewe.)

Simu ndiyo iliyonimalizia ubishi juu ya "binafsi". Mwaka 2013 John Costik, mhandisi wa jimbo la New York, alikuwa na mtoto wa miaka minne aliyevaa sensa. Namba zilionekana kwenye kidubwasha cha mkononi tu, na yeye yuko kazini. Akaandika programu ya kuzitoa namba zile na kuzipandisha kwenye intaneti, azione kwenye simu yake. Wazazi wengine wakaomba, msimbo ukatolewa bure, na kazi hiyo ikaja kujulikana kama Nightscout. Mtoto anajisimamia, na baba anaona. Kiswahili hakioni mgongano hapo: anayejitegemea ana wazazi, anayejisomesha ana walimu. Kiambishi -ji- kinasema nani ana usukani. Hakisemi kwamba gari halina abiria wengine.

Kichwa cha kipeperushi sasa ni "Jinsi ya Kujisimamia Ukiwa na Kisukari cha Aina ya Kwanza, kwa Msaada wa Simu". Mpwa wangu alikisoma akasema sawa, kisha akaniambia jambo ambalo si la istilahi. Shule yake ni ya bweni na simu hairuhusiwi. Yake imefungiwa kwenye kabati la matroni, na muhula uliopita usiku mmoja sukari ilishuka mpaka 2.9 matroni akiwa hayupo. Rafiki yake wa kitanda cha juu ndiye aliyemkorogea maji ya sukari. Walimu wakuu wa shule za bweni, mkipokea mtoto wa namna hii, iandikeni simu yake kwenye orodha ya vifaa vya tiba, pamoja na sindano na stripu, na alale nayo.