Ujirani Uliohamia Nyuma ya Geti: Kutoka Uani kwa Kariakoo hadi Mbezi

Kila tukutanapo huku ughaibuni, iwe harusini au msibani, hayakosi mazungumzo ya namna hii: "Siku hizi nyumbani watu hawajuani. Mjini kila mtu na lake. Utu umebaki kijijini." Wote tunatikisa vichwa kukubali. Lakini je, ni kweli kwamba mji kwa asili yake huua ujirani, na kijiji huulea? Historia ya Dar es Salaam inatupa jibu lisilo jepesi hivyo.

Tuanze na Kariakoo. Jina lenyewe limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza waliopiga kambi hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Watu waliojenga mitaa ile walitoka kila pembe: Wazaramo na Wandengereko wa jirani, Wanyamwezi, Wamanyema, Wangoni, Wayao. Wengi hawakuwa na shangazi wala mjomba mjini. Kwa kipimo chetu cha leo, hapo ndipo ungetegemea kila mtu awe na lake. Haikuwa hivyo.

Kwanza, walikuwa na utani. Mnyamwezi aliyefariki mbali na kwao hakukosa wa kumzika, kwa kuwa Mzaramo ni mtani wake, na mtani ana wajibu wake msibani, pamoja na haki yake ya kufanya mzaha mbele ya wafiwa. Uhusiano huo ulitokana na njia za misafara ya karne ya 19, nao ukaingia mjini ukiwa hai. Pili, walikuwa na vyama vya ngoma. Marini na Arinoti, makundi ya beni yaliyoshindana kwa sare na matarumbeta, hayakuwa ya kucheza tu. Mwanachama akiugua au akifa wenzake walichanga. Baadaye vikaja vyama vya makabila, kama ule wa Wazaramo, ambavyo navyo vilishughulikia wagonjwa na mazishi.

Tatu, ilikuwapo nyumba yenyewe. Nyumba ya Kiswahili tunaijua: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, uani kuna jiko, choo na kamba za kuanikia nguo, na mbele kuna baraza. Mwenye nyumba aliishi humo humo pamoja na wapangaji wake. Mtoto wa chumba cha tatu alionywa na mama wa chumba cha tano, na mama yake hakununa. Ujenzi ule uliwalazimisha watu kujuana, maana huwezi kuchangia jiko na mtu usiyemsalimu.

Kwa hiyo ujirani wa mjini haukuwa mabaki ya kijiji yaliyokuwa yakififia siku hadi siku. Watu wageni waliutengeneza kwa makusudi, kwa sababu waliuhitaji.

Na kijiji je? Tusiwe wasahaulifu. Kwa Wapare kulikuwa na msaragambo, kazi ya pamoja ya kujenga na kutengeneza njia. Kwa Wachagga, mifereji ya maji ya mlimani ilisafishwa na wote walioitumia, na asiyefika kazini alijua atatozwa. Hiyo ni mifano mizuri, lakini angalieni vilevile masharti yake: maji ni mamoja, njia ni moja, na adhabu ipo. Isitoshe, vijiji vingi vya Tanzania tunavyovitaja kama vya "tangu na tangu" si vya kale. Baada ya tamko la mwezi Novemba 1973 kwamba kuishi vijijini ni amri, mamilioni ya watu walihamishwa kutoka kwenye makazi yaliyotawanyika. Wengine walijikuta na majirani wasiowachagua, mbali na makaburi ya wazee wao. Na macho yale yale ya kijiji yanayomwona mgonjwa mapema ndiyo yaliyowatazama vikongwe wa Usukuma wenye macho mekundu, wakaitwa wachawi na kuuawa. Wako vijana waliokimbilia mjini hasa kuyakwepa macho hayo.

Sasa, nini kiliharibika mjini? Mimi naona mambo matatu.

La kwanza ni nyumba. Mji uliokuwa na watu karibu 130,000 katika sensa ya 1957 umefikia 5,383,728 katika sensa ya 2022. Thamani ya kiwanja Kariakoo ikapanda, na kuanzia miaka ya 1990 nyumba za vyumba sita zikabomolewa moja baada ya nyingine, yakaota maghorofa ya maduka na bohari. Mwenye nyumba akachukua fedha zake akahamia pembezoni, Mbagala, Kimara au Mbezi. Wapangaji wakatawanyika. Baraza ikaondoka pamoja na nyumba.

La pili ni uongozi. Katika miaka ya 1960 TANU iliweka mabalozi wa nyumba kumi. Balozi alijua nani kahamia, nani kagombana na mkewe, nani hana unga. Wengine walimwogopa, na walikuwa na sababu, kwani alikuwa pia sikio la chama. Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, balozi akabaki kuwa mtu wa chama kimoja tu, na shughuli za serikali zikashikwa na mwenyekiti wa mtaa mwenye maelfu ya watu. Kuondoa sikio la chama kulikuwa haki. Ila hakuna aliyewekwa mahali pake wa kuuliza nani hana unga.

La tatu ni fedha kuchukua nafasi ya mikono. Zamani msiba ulikuwa na wa kuchota maji, wa kupasua kuni na wa kuazima majamvi. Leo turubai linakodiwa, viti vinakodiwa, chakula kinapikwa na wapishi wa kulipwa. Zamu ya ulinzi wa sungusungu nayo imegeuka mchango wa kila mwezi. Anayetoa fedha ametimiza wajibu, na hana haja ya kuonana na mtu.

Hapa ndipo linapotugusa sisi. Nyumba nyingi zenye kuta ndefu na mageti ya chuma kule pembezoni zimejengwa kwa fedha zetu. Tumemjengea mama nyumba nzuri, tukaweka fensi, tukaweka mlinzi, tukafurahi kwamba sasa yuko salama. Lakini mama aliyezoea uani sasa anaongea na luninga. Akianguka usiku, sisi tuko Muscat, Reading au Houston, na fimbo ya mbali haiui nyoka. Atakayemwahi ni jirani, na jirani huyo pengine hajui jina lake.

Sisemi tubomoe kuta, wezi wapo. Nasema historia inaonyesha kwamba ujirani ulikuwepo pale watu walipokuwa na shughuli inayowakutanisha kwa miili yao. Wala haujafa. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa lilipoporomoka Kariakoo, wafanyabiashara na wapita njia walianza kufukua kifusi kwa nyundo na mikono mitupu kuwatoa watu wasiowajua.

Huku ughaibuni nasi tumefanya kama wale wazee wa Marini na Arinoti. Tumefika wageni, tumeogopa kufa bila wa kutuzika, tukaunda jumuiya na mifuko ya kusafirisha maiti. Tunajua kazi hiyo. Basi tukipiga simu nyumbani wiki hii, pamoja na kuuliza kama fedha zimefika, tumuulize mama swali moja zaidi: jirani yako anaitwa nani? Kama hajui, tumwombe apike chochote, hata vitumbua, amtume mtoto apeleke sahani ukutani kwa pili. Sahani ya jirani hairudi tupu.