Saanane: Hifadhi ya Taifa inayoonekana kutoka madirishani mwa Jiji la Mwanza

UKISIMAMA katika miinuko ya Capri Point jijini Mwanza na kuyaelekeza macho ziwani, utaona kisiwa kidogo chenye mawe makubwa yaliyopandana na miti iliyojipenyeza katikati yake. Mitumbwi ya wavuvi hupita mbali kidogo, na nyuma yake huonekana milima ya ng'ambo ya pili ya Ghuba ya Mwanza.

Kisiwa hicho ni Saanane, kilichopo takriban kilomita mbili kutoka katikati ya jiji. Wengi hukiona kila siku wakienda na kurudi kazini, lakini si wote wanaotambua kwamba kina hadhi ileile ya kisheria iliyo nayo Serengeti, yaani Hifadhi ya Taifa.

Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Mkazi wa Mwanza anayeamini kwamba kuona wanyamapori ni lazima asafiri kwa saa kadhaa kwa gari, anaweza kuvuka maji kwa dakika chache na kukutana na swala, pimbi na ndege wa kila namna kabla ya chakula cha mchana.

Saanane ina ukubwa wa kilomita za mraba 2.18 tu, na sehemu kubwa ya eneo hilo ni maji yanayokizunguka kisiwa pamoja na visiwa vingine vidogo vilivyo jirani. Ndiyo hifadhi ndogo kuliko zote za taifa nchini Tanzania. Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyoanzishwa mwaka 2019 na ambayo ndiyo kubwa kuliko zote, inaizidi kwa zaidi ya mara 14,000.

Hata hivyo, udogo huo haukipunguzii kisiwa umuhimu. Badala yake, unaufanya uhifadhi wake kuwa mgumu zaidi, kwa kuwa jirani yake si kijiji wala pori, bali ni jiji linalokua kwa kasi.

Kisiwa cha Mzee Saanane

Jina la kisiwa linatokana na mtu. Kumbukumbu za hifadhi zinaeleza kwamba mmiliki wake wa zamani alikuwa Mzee Saanane Chawandi, aliyeishi humo akivua samaki na kulima. Mwaka 1964 alikiacha kisiwa baada ya kulipwa fidia ya Sh600, ili kupisha kuanzishwa kwa bustani ya wanyama.

Bustani hiyo ilikuwa ya kwanza ya aina yake kumilikiwa na Serikali nchini. Iliwekewa malengo matatu, ambayo ni kutoa elimu ya uhifadhi kwa wananchi wa Kanda ya Ziwa, kuwapatia mahali pa kupumzika, na kuwa kituo cha kuwatunza wanyama waliokusudiwa kupelekwa Kisiwa cha Rubondo, kilichopo upande wa kusini magharibi mwa Ziwa Victoria.

Katika miaka hiyo ya mwanzo waliletwa wanyama wa aina nyingi, wakiwamo nyati, pofu, pundamilia, twiga, simba na mamba. Kwa wananchi wengi wa mjini wa zama hizo, ambao hawakuwa na njia ya kufika kwenye hifadhi za mbali, safari ya kuvuka kwenda Saanane ilikuwa nafasi ya kumwona mnyama aliyekuwa akisimuliwa tu katika hadithi.

Lakini kisiwa chenye mawe mengi na malisho machache hakiwezi kuwabeba wanyama wakubwa kwa muda mrefu. Nyati na pundamilia huhitaji eneo la kuzunguka, na kundi dogo lililofungiwa kisiwani huishia kuzaliana lenyewe kwa lenyewe. Kadiri miaka ilivyokwenda, Saanane ikabaki na viumbe vinavyoendana na ukubwa wake.

Kutoka bustani hadi hifadhi

Mwaka 1991 kisiwa kilipandishwa hadhi na kuwa pori la akiba. Mwaka 2013 kikatangazwa rasmi kuwa Hifadhi ya Taifa chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa (Tanapa).

Tofauti ya hadhi hizo mbili si ya jina peke yake. Katika pori la akiba, sheria inaruhusu baadhi ya matumizi kwa kibali, ikiwa ni pamoja na uwindaji. Katika Hifadhi ya Taifa, matumizi yanayoruhusiwa kwa kawaida ni utalii wa kuangalia, elimu na utafiti. Mnyama hawindwi, mti haukatwi, na hakuna makazi ya wananchi ndani ya mipaka.

Kwa Saanane, mabadiliko hayo yalikuwa na maana ya pekee kwa sababu mipaka ya hifadhi inaingia majini. Maana yake ni kwamba maji yaliyo karibu na kisiwa nayo yamelindwa, na samaki wanaozaliana kwenye mawe na majani ya kandokando wamepata mahali ambapo nyavu hazifiki.

Saanane si peke yake katika historia ya miji ya ziwa hili. Kisumu, nchini Kenya, kuna Hifadhi ya Swala ya Kisumu iliyoanzishwa mwaka 1992 ili kuwanusuru swala waliobakia kando ya mji huo. Entebbe, nchini Uganda, kituo kilichoanza mwaka 1952 kwa kuwalea wanyama yatima kimekuja kuwa kituo cha elimu ya wanyamapori. Miji yote mitatu imekutana na swali moja: mji ukishakua hadi ukingoni mwa maji, ni nini kitakachobaki cha asili?

Miamba, pimbi na mijusi

Anayeshuka kutoka kwenye boti hukutana kwanza na miamba. Ni ya graniti, sawa na ile iliyoipa Mwanza jina la Jiji la Miamba, na umri wake unazidi miaka bilioni mbili. Iliganda chini ya ardhi ikapata nyufa. Maji yakapenya katika nyufa hizo na kuulainisha mwamba, kisha mvua za miaka isiyohesabika zikaubeba udongo na kuyaacha mawe magumu yakiwa yamesimama moja juu ya jingine, mithili ya yaliyopangwa kwa mikono.

Katika nyufa za mawe hayo wanaishi pimbi. Asubuhi hutoka na kuota jua kwa pamoja, kwa sababu miili yao haina uwezo mkubwa wa kujirekebishia joto. Wageni wengi hushangaa wanapoelezwa kwamba mnyama huyo mdogo, anayefanana na sungura asiye na masikio marefu, ana undugu wa karibu na tembo kuliko na panya.

Juu ya mawe yaleyale huonekana mijusi ambayo madume yake yana vichwa na mabega mekundu, na viwiliwili vya buluu. Jina la kisayansi la mjusi huyo ni Agama mwanzae, lililotokana na jina la Mwanza.

Sehemu zenye nyasi ni makazi ya swala pala, ambao wamewazoea watu kiasi cha kuendelea kula huku wageni wakipita. Tumbili wapo, na mgeni mwenye chakula mkononi hana budi kuwa mwangalifu. Kandokando ya maji wapo kenge, na fisi maji huonekana kwa nadra. Mamba nao wapo, jambo linalotosha kuwa sababu ya kutocheza na maji.

Wapenzi wa ndege hawaondoki mikono mitupu. Kwazi, tai mwenye kichwa cheupe anayevua samaki kwa kucha, husikika kwa mlio wake kabla ya kuonekana. Mnandi hukaa juu ya mawe wakiwa wametandaza mbawa zikauke, mdiria huning'inia hewani kabla ya kujitosa majini, na yangeyange husimama kimya kwenye maji mafupi wakisubiri windo.

Hazina iliyo chini ya maji

Utajiri mkubwa zaidi wa visiwa vya mawe vya Ghuba ya Mwanza, hata hivyo, hauonekani na mtu aliyeketi kwenye boti. Uko chini ya maji.

Ziwa Victoria, lenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,800, lilikuwa makao ya mamia ya aina za samaki wadogo waitwao furu, wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Wanasayansi wanaeleza kwamba ziwa hili lilikauka takriban miaka 15,000 iliyopita kabla ya kujaa tena, na kwamba aina nyingi za furu zilijitokeza katika kipindi hicho kifupi. Ni kasi ambayo haijazoeleka katika elimu ya viumbe.

Miaka ya 1980, baada ya sangara aliyepandikizwa katikati ya karne ya 20 kuongezeka mno, furu walipungua ghafla na aina nyingi zikatoweka. Wale wanaoishi kwenye mawe walinusurika kwa kiasi fulani, kwa kuwa sangara mkubwa hawezi kuwafuata kwenye nyufa nyembamba.

Lakini adui wa pili hazuiwi na mawe. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 katika jarida la Science, uliohusu furu wa ziwa hili wakiwamo wa ghuba hiyo, ulionyesha kwamba jike humchagua dume kwa kuangalia rangi yake. Maji yanapochafuka na mwanga kupungua, rangi hazitofautishwi tena. Aina mbili huanza kuzaliana pamoja, na tofauti iliyochukua maelfu ya miaka hufutika pasipo hata samaki mmoja kuvuliwa.

Kwa maneno mengine, uchafu unaotoka mjini unaweza kumaliza kizazi cha samaki bila kumuua hata mmoja.

Jiji lililo ng'ambo

Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba wilaya za Nyamagana na Ilemela, zinazounda eneo la mji wa Mwanza, zina wakazi zaidi ya milioni moja kwa pamoja. Nyumba nyingi zimejengwa kwenye miteremko ya mawe, ambako kuchimba vyoo na kupitisha mabomba ya majitaka ni kazi ngumu. Mvua inaponyesha, kinachosombwa kutoka milimani hushukia mitaroni na katika Mto Mirongo unaokatiza mjini, na mwisho wake ni ziwani.

Rutuba ya uchafu huo ndiyo inayolisha mwani unaoyageuza maji kuwa ya kijani, na ndiyo iliyosaidia kustawi kwa magugu maji yaliyoenea ziwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Juhudi za kuyang'oa kwa mikono, na kutumia mbawakawa wanaokula majani yake, ziliyapunguza kwa kiasi kikubwa, lakini hayajamalizika. Upepo unapobadilika, hurudi kwenye fukwe.

Ziwa lenyewe nalo halitabiriki. Mwaka 2020, na tena mwaka 2024, maji yalipanda hadi kufikia na kupita kiwango cha juu kilichokuwa kimewekwa mwaka 1964, mwaka uleule ilipoanzishwa bustani ya Saanane. Kwa kisiwa kidogo, kila hatua ya ufukwe inayofunikwa na maji ni malisho yaliyopotea.

Mambo ya kuzingatia

Safari huanzia katika ofisi za hifadhi zilizopo Capri Point, ambako mgeni hulipa kiingilio na kuvushwa kwa boti. Viwango hutofautiana kati ya wananchi wa Afrika Mashariki na wageni wa nje, na watoto hulipa kidogo kuliko watu wazima. Ni vyema kuulizia viwango vya wakati huo na utaratibu wa malipo kabla ya siku ya safari, hasa kwa vikundi vya wanafunzi.

Muda mzuri ni asubuhi, wakati jua halijawa kali na wanyama wakiwa bado nje. Mara nyingi upepo huongezeka mchana na mawimbi pia. Makoti ya kuokolea maisha huvaliwa na kila abiria, na anayejua kuogelea si wa kusamehewa. Ziwa hili limekwishawafundisha Watanzania kwa uchungu, mwaka 1996 ilipozama meli ya MV Bukoba na mwaka 2018 kilipozama kivuko cha MV Nyerere.

Viatu vya kufunga vinafaa zaidi kuliko ndala, kwani njia hupita juu ya mawe. Kuoga au kutembea majini si jambo la kujaribu. Mbali na mamba, maji ya kandokando ya ziwa katika eneo la Mwanza yana vimelea vya kichocho.

Wanaokwenda kwa mandari wanaruhusiwa kubeba chakula, lakini kila walichoingia nacho warudi nacho. Mifuko ya plastiki ilikwishapigwa marufuku nchini kote tangu Juni 1, 2019. Kuwalisha tumbili ni kosa, kwa sababu aliyezoea kupewa hujifunza kunyang'anya.

Mgeni anayepanda hadi juu ya miamba kabla ya kurudi huiona Mwanza upande wa pili wa maji: mapaa ya nyumba yakipanda milimani, meli bandarini, na mitaro ikiteremka ziwani. Hapo ndipo lile lengo la mwaka 1964 la kuwafundisha wananchi uhifadhi linapopata maana mpya. Uzio wala doria haviwezi kuyazuia maji yanayotoka mjini. Usalama wa swala, furu na kwazi wa Saanane utategemea kile ambacho wakazi wa ng'ambo wataamua kukitupa, au kutokitupa, kwenye mitaro yao.