Nishani ya shaba na kwata ya Makutupora

Nilipotea wiki nzima, ni majaribio tu, si unajua chuo. Ila juzi hosteli kulizuka ubishi mkali na sijaumaliza moyoni, kwa hiyo leo naumwaga hapa.

Chanzo ni dada mmoja Mkenya tunayesoma naye hapa Dodoma. Alituonyesha nishani yake ya shaba aliyopewa sekondari kwenye mpango wao wa Tuzo ya Rais. Unachagua mwenyewe: ujifunze ufundi fulani, usaidie jamii, ucheze michezo, uende safari ya porini. Ukimaliza unapewa shaba, kisha fedha, kisha dhahabu. Mpango wenyewe waliutoa Uingereza, ambako ulianza 1956 kwa jina la Duke of Edinburgh, na Kenya ikaanza wa kwake mwaka 1966. Akauliza, "Kwani nyinyi hamna?" Chumba kizima kikacheka. Sisi tuna JKT bwana!

Basi nikakaa na ule mwaka, 1966. Maana ndio mwaka huohuo ambao kwetu mambo yaliwaka.

JKT ilizaliwa tarehe 10 Julai 1963, wazo likitoka kwa vijana wa TANU, na Waisraeli wakasaidia kuipanga. Mwanzoni ilikuwa ya kujitolea: unalima, unajenga, unapiga kwata. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles wakaasi, Nyerere akaivunja ile jeshi ya kikoloni, na JWTZ mpya ya Septemba 1964 ikachota watu wake kwa vijana wa chama na wa JKT. Toka hapo kwata haikuwa mchezo wa shule tena. Ilikuwa namna ya kujua nani yuko upande gani.

Sasa wasomi je? Hawakujitokeza. Serikali ikatunga sheria: ukimaliza kidato cha sita au chuo, miaka 2 ni ya taifa. Miezi michache kambini, halafu miezi 18 kazini kwako kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wakaandamana Dar es Salaam mpaka Ikulu, na baadhi wakabeba mabango yaliyosema afadhali enzi za mkoloni. Hapo ndipo walipoharibu! Mwalimu alikasirika vibaya. Karibu wanafunzi 400 walirudishwa makwao, na yeye mwenyewe akajikata mshahara asilimia 20. Miezi mitatu na kitu baadaye likaja Azimio la Arusha.

Mimi kwenye bango siko nao kabisa. Lakini kwenye hoja ya ile asilimia 60 naona walistahili kusikilizwa. Mtoto wa mkulima aliyesomeshwa na ukoo mzima, mshahara wake wa kwanza si wake peke yake, unasubiriwa nyumbani na watu kumi. Jamaa zangu hosteli wananiambia nina mawazo ya kibwanyenye, haya.

Wakenya nao wasitucheke sana. Kati ya 1984 na 1990 na wao waliwapeleka wanafunzi kwenye NYS kwa lazima kabla ya kuingia chuo kikuu.

Kwetu sheria iliendelea mpaka 1994, ikasimamishwa kwa kukosa fedha, ikarudi 2013. Mzee wangu alikaa mwaka mzima miaka ya themanini, na kila nikimsimulia miezi yangu mitatu ya Makutupora ananiambia, "Mwanangu, nyie mlikwenda pikiniki." Pikiniki gani mzee! Makutupora ni hapo tu kaskazini ya mji, upande wa visima vinavyoinywesha Dodoma, lakini ukiwa kuruta kwenye lile jua na vumbi, maji unayaota. Saa kumi alfajiri mchakamchaka, afande anaimba nyie mnaitikia, na mtoto wa waziri na mtoto wa muuza karanga wote vipara. Hilo nalipenda mpaka leo. Nishani ya kuchagua mwenyewe isingetukutanisha hivyo.

Kinachoniuma ni cha kaka yangu. Alimaliza kidato cha sita 2014. Miaka ile nafasi makambini hazikutosha, na wengi hawakuitwa. Jina lake halikutoka, tukashangilia eti kaponea! Baadaye akataka kuingia jeshini. Nafasi za majeshi zikitangazwa, mara nyingi wanataka uwe umepitia JKT. Yeye hana cheti, na umri nao umeshampita. Sheria ilisema lazima, lakini yeye hakuitwa, na mlangoni anaulizwa kwa nini hakwenda.

Yule dada Mkenya alipoisikia hiyo alinyamaza, akairudisha nishani mkobani. Wadau mliomaliza miaka ile, wangapi hamkuitwa? Semeni, kaka yangu anasoma hapa.