Mjomba Hayumo Kitabuni

Mmarekani anayetafuta mababu zake Wapuritani ana bahati yake. Meli ya Mayflower ilivuka mwaka 1620 na abiria 102, majina yao yanajulikana, na pale Boston kuna chama cha nasaba tangu 1845. Kazi yake ni kufunua makaratasi tu.

Sisi wa Namungo nasi tuna walowezi wa dini, tena jirani kabisa. Ukitoka Nachingwea kuelekea kusini, unaingia Masasi. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA alitoka Unguja na watu zaidi ya hamsini waliokombolewa utumwani, wakashukia Lindi, wakapanda bara kwa miguu. Nia ilikuwa kufika Nyasa, walikotoka wengi wao. Walipofika Masasi wakaipenda nchi, wakajenga hapo hapo.

Sasa jaribu kuwatafuta hao. Mtoto kaibwa bara akiwa mdogo, kapitishwa Kilwa, kakamatwa tena baharini na manowari ya Waingereza, kalelewa na misheni Unguja, kabatizwa jina la kizungu. Umuulize baba yake nani? Na hata angemjua, swali lenyewe limekaa upande. Wayao, Wamakua na Wamwera huhesabu ukoo kwa mama. Mkubwa wa nyumba ni mjomba. Kitabu cha ubatizo kinataka baba. Mjomba hana mstari wake mle.

Halafu ikaja Septemba 1882. Wangoni, ambao watu waliwaita Magwangwara, wakaivamia Masasi, wakachoma na kuchukua mateka. Hebu fikiria: mtu aliyekwisha kombolewa anafungwa kamba mara ya pili! Padri Chauncy Maples akahamishia misheni Newala, wengine wakasambaa. Matawi mengi ya ukoo yanakatikia hapo.

Wapo wachache wanaoonekana vizuri. Cecil Majaliwa, Myao aliyeibwa utotoni, alisomeshwa mpaka Uingereza, akarudi kuhubiri kwa Wayao wenzake Chitangali, na mwaka 1890 akapewa upadri, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile. Lakini huyo aliandikwa kwa sababu alikuwa padri. Mwanamke aliyebeba mzigo kutoka Lindi hakuwa na cheo.

Karatasi za UMCA ziko Oxford, nyingine Zanzibar. Mimi nisingeanzia huko. Ningeanzia kwa bibi, Ruangwa au Nachingwea, katika nyumba inayosema “sisi asili yetu Masasi, watu wa misheni.” Nisingemuuliza babu, ningemuuliza mjomba wa mama yake aliitwa nani, na ukoo wao ni upi, ule Wayao wanaouita lukosyo na Wamakua nihimo. Akisema hawana ukoo, au kwamba walipokelewa katika ukoo wa watu, hapo ndipo kalamu itoke mfukoni.

Na iwe mapema. Bibi wa miaka 80 leo huenda alilelewa na bibi yake mwenyewe, mtoto wa mmoja wa wale waliotembea na Steere.