Kabla ya Tesla kulikuwa na watu wa rimoti

Haya wadau, nimekuwa kimya wiki mbili, test zilinibana. Leo tupumzike na desa, tupige historia kidogo.

Ukimuuliza mtu hapa hosteli nani kaleta gari la umeme, wengi watakwambia Elon Musk. Wachache waliosoma soma watataja kampuni kubwa za Marekani na Japani. Mimi nasema hivi: gari la umeme lenyewe ni la zamani sana, ila betri iliyolifufua ilipitia kwenye mikono ya watu waliokuwa wanarusha ndege za kuchezea. Watu wazima na ndevu zao, wanasimama uwanjani na rimoti, wake zao wakiwaona kama wamechanganyikiwa. Hao ndio nataka tuwape haki yao.

Tuanze mbali. Mwaka 1899 Mbelgiji Camille Jenatzy alivuka kilomita 100 kwa saa kwa gari la umeme, wa kwanza kufanya hivyo kwa gari lolote. Yaani petroli ilikuwa bado inakohoa. Kilichoua magari yale kilikuwa betri. Betri za risasi na tindikali, hizi hizi tunazoziona kwenye malori, kilo moja inabeba wati-saa 30 hadi 40 hivi. Ukitaka kwenda mbali unaongeza betri, ukiongeza betri gari linakuwa zito, likiwa zito unahitaji betri zaidi. Mafuta yalipopatikana kwa wingi, na mwaka 1912 Cadillac wakaleta stata ya umeme ili watu waache kuzungusha hendeli kwa mkono, basi, mchezo ukaisha.

Rimoti nayo ina umri karibu ule ule. Mwaka 1898, pale Madison Square Garden, New York, Nikola Tesla alionyesha mashua ndogo iliyoongozwa kwa mawimbi ya redio, ndani ina betri na mota. Kwa hiyo kidude cha kwanza cha rimoti kilikuwa cha umeme, na kilitengenezwa na mtu ambaye miaka 105 baadaye jina lake lilipewa kampuni ya magari. Historia ina utani wake.

Ndege ndogo zilikuwa kazi ngumu zaidi ya mashua, kwa sababu maji yanabeba uzito wako na hewa haikubebi bure. Kwa miaka mingi ndege za rimoti zilitumia vinjini vya mafuta, kelele tupu na moshi. Mwaka 1957 Mwingereza mmoja, Kanali Taplin, akarusha ndege ya rimoti kwa umeme akitumia betri za fedha na zinki. Pale Ujerumani alikuwepo Fred Militky, aliyefanya kazi kwenye kampuni ya vidude vya kuchezea ya Graupner, naye aliling'ang'ania wazo hilo hilo miaka na miaka. Oktoba 1973, huko Austria, ndege ndogo iliyobadilishwa kwa mawazo yake ikampandisha mtu hewani kwa umeme wa betri za nikeli na kadimiamu, ikakaa juu dakika chache tu. Ila ilikuwa mara ya kwanza mtu kuruka na ndege ya umeme inayojiendesha yenyewe, na mwenye wazo alikuwa mtu wa vidude.

Sasa kwa nini watu wa ndege ndogo walikuwa mbele ya watu wa magari? Jibu langu ni uzito. Gari zito linatembea hivyo hivyo, polepole, linaongezewa springi, maisha yanaendelea. Ndege nzito hairuki. Mrusha ndege kila gramu anaihesabu, na betri mpya ikitoka popote duniani, hata kama imetengenezwa kwa ajili ya kamera, yeye ndiye wa kwanza kuifungua aone ndani kuna nini. Hana bosi wa kumuomba kibali. Akiunguza, ameunguza hela yake.

Hapo ndipo anaingia jamaa ninayempenda kuliko wote kwenye hadithi hii, Alan Cocconi. Baba yake, Giuseppe Cocconi, alikuwa mwanafizikia mkubwa, yeye mwenyewe fundi umeme na mtu wa ndege za rimoti. Alifanya kazi na Paul MacCready wa AeroVironment huko California, ambaye naye utotoni alikuwa bingwa wa ndege ndogo. Huyu MacCready ndiye aliyetengeneza ndege ya kupiga pedeli iliyovuka mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa Juni 1979. Mwaka 1987 timu yao ikaitengenezea General Motors gari la jua, Sunraycer, lililoshinda mbio za Australia. Januari 1990 wakaja na Impact, gari la umeme ambalo baadaye likawa EV1. Mfumo wa umeme wa kuiendesha mota ya Impact ulikuwa kazi ya Cocconi.

EV1 ilitoka 1996. Mota safi, umbo safi, lakini chini imebeba zaidi ya kilo 500 za betri za risasi! Kampuni yenye hela zote zile ilibaki na betri ya babu yake Jenatzy. Toleo la 1999 lilipata betri za nikeli, zikasaidia, ila wenye kampuni walikuwa wameshachoka. Magari yalikuwa ya kukodisha tu, wakayakusanya, mengi wakayaponda. Mpaka leo watu wanabishana kuhusu sababu. Mimi nadhani wenye kampuni hawakulipenda tangu mwanzo, na mtu asiyekipenda kitu hawezi kukitafutia dawa.

Cocconi alikuwa ameshaondoka. Mwaka 1992 alianzisha kampuni ndogo, AC Propulsion, na 1997 wakatoa gari dogo la michezo, tzero, lenye betri 28 za risasi. Wakati huo Sony walikuwa wameshaleta betri ya lithiamu sokoni, tangu 1991, kwa ajili ya kamera za video. Baadaye zikaingia kwenye laptop kwa mamilioni. Ukipasua betri ya laptop ya zamani unakuta seli za mviringo, milimita 18 upana na 65 urefu, ndiyo maana zinaitwa 18650. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kilo moja ya seli hizo ilikuwa inabeba mara nne au zaidi ya kilo moja ya betri ya risasi. Watu wa rimoti walishaziona, wakazifunga kwenye ndege zao. Martin Eberhard, tajiri wa California aliyetaka gari la michezo lisilotumia mafuta, akatoa pesa, na mwaka 2003 tzero ikavuliwa betri za risasi ikavishwa seli kama 6,800 za lithiamu.

Gari likapungua mamia ya kilo. Kutoka kusimama hadi kilomita 97 kwa saa: sekunde 3.6. Umbali kwa chaji moja ukafika karibu kilomita 480. Tulete hesabu nyumbani: ile ya betri za risasi ingekuacha njiani kabla hujaiona Njombe, hii ingekufikisha Makambako na chaji bado ipo. Tzero zilitengenezwa tatu tu. Eberhard aliwasihi waitengeneze kwa wingi, hawakutaka, basi Julai 2003 yeye na Marc Tarpenning wakaanzisha Tesla. Musk aliingia Februari 2004 na pesa zake. Wakanunua leseni ya teknolojia ya akina Cocconi, na mwaka 2008 Roadster ikaingia barabarani na seli 6,831. Hesabu yake tamu: seli 69 zinafungwa pamoja zinaitwa tofali, matofali 9 yanafanya trei moja, trei 11 zinafanya betri nzima. Piga kikokotoo uone.

Na Cocconi? Alirudi kwenye ndege zake! Juni 2005 ndege yake ya rimoti iitwayo SoLong, mabawa mita 4.75, ilikaa hewani saa 48 mfululizo kwa jua la mchana na betri za lithiamu usiku. Marubani walikuwa chini wanapokezana rimoti. Wakati wenzake wanatafuta utajiri, yeye anacheza. Namheshimu.

Tusipambe sana lakini. Lithiamu ina hasira. Seli ya kawaida ikipita volti 4.2 inaanza kuharibika, ikizidi inavimba na kuwaka. Zile laini za mfukoni za ndege ndogo ziliunguza magereji na magari ya watu wengi. Tatizo kubwa ni seli kutolingana. Fikiria unamimina uji kwa watoto wanne kwa wakati mmoja, vikombe havilingani. Kikombe kidogo kitajaa na kumwagika wakati kikubwa bado kina nafasi. Ndiyo maana vidude vya rimoti vikawa na waya mwembamba kwa kila seli na chaja inayosawazisha seli moja moja. Gari la umeme nalo lina ubongo wa kufanya kazi hiyo hiyo. Elimu ya namna hii haikukaa maabara tu, ilisambaa uwanjani, mtu kwa mtu, kwa kuunguza.

Wakati mwingine walikuwa wakali kweli. Mwaka 2006 kampuni ya A123 iliweka seli zake za lithiamu na fosfeti ya chuma kwenye drili za DeWalt. Watu wa rimoti wakanunua betri za drili, wakazipasua, wakachomoa seli, wakarusha ndege. Fundi wa duka akabaki anashangaa mbona betri zinauzwa kuliko drili, teh teh. Leo mto umegeuka. Viwanda vya magari vinamwaga seli kwa wingi, bei imeshuka, na mrusha ndege ananunua seli ya 21700, saizi aliyoizoea kwenye Tesla Model 3 ya 2017.

Huku kwetu je? Mwaka 2018 ndege isiyo na rubani ilijaribiwa kupeleka dawa kisiwani Ukerewe, kilomita 60 juu ya Ziwa Victoria kwa dakika 40 hivi, kwa umeme wa betri. Kwa nchi kavu na kivuko ni saa sita. Wanafunzi wenzetu wa Makerere walianza na mradi wa pamoja na vyuo vya nje, na Novemba 2011 wakaendesha Kiira EV, viti viwili, kilomita 80 kwa chaji. Madini ya kinywe yako Mahenge, nikeli iko Kabanga kule Ngara.

Na hapa Bombambili niliko, utoto wa wengi ulikuwa gari la waya lenye mota ya kaseti na betri za National zilizoanikwa juani zipate nguvu. Songea ilikuwa inategemea majenereta ya dizeli mpaka ilipoungwa kwenye gridi ya taifa mwaka 2018, kwa hiyo watu wa huku betri wanazijua. Mafundi simu wanapasua betri za laptop zilizokufa, wanapima seli kwa mita, nzima wanaziunga kwa taa na redio, mbovu pembeni. Ni kazi ile ile ya watu wa rimoti, tofauti ni kwamba wengi wanaunga bila kisawazishi. Kifaa chenyewe ni kidogo kuliko kidole. Kama una rafiki fundi mwambie atafute, na seli iliyolala chini ya volti 2 asiifufue hata kama inapokea chaji.

Naishia hapa, kesho nina kipindi saa mbili asubuhi. Wa uhandisi mnaotaka kubisha kuhusu EV1, karibuni geto, ugali upo.