Deni la Elimu ya Mwili

Mwanafunzi aonapo mchoro wa moyo katika kitabu chake cha bayolojia, ni nadra auulize ulikuwa moyo wa nani. Hata hivyo swali hilo lina historia yake, na sehemu kubwa ya historia hiyo haikutendeka katika vyuo vikuu, bali katika nyumba za walimu waliofundisha kwa ada.

Katika karne ya 18, kijana wa London aliyetaka kuwa mpasuaji alijifunza kazi kwa kumfuata bwana wake, kama mwanagenzi amfuatavyo seremala. Maiti za kujifunzia zilikuwa adimu mno. Basi mwaka wa 1746 William Hunter, mzaliwa wa Uskoti, alianza kufundisha anatomia, yaani elimu ya viungo vya mwili, na wanafunzi wakamlipa. Aliwaahidi kwamba kila mmoja angepasua kwa mkono wake mwenyewe, kama ilivyokuwa desturi ya Paris. Mwaka wa 1748 alijiwa na mdogo wake, John, ambaye hakuwa amesoma sana shuleni. John alitayarisha maiti za masomo kwa miaka mingi, na hatimaye akawa mmoja wa wapasuaji mashuhuri wa Uingereza.

Faida ya mafunzo hayo haikufichika. Siku zile hapakuwa na dawa ya kumlaza mgonjwa. Mpasuaji alimkata mtu aliye macho, naye asiyejua mishipa ilikopita aliua badala ya kuponya.

Lakini maiti zilitoka wapi? Sheria ya mwaka wa 1752 iliwapa wapasuaji maiti za wauaji walionyongwa, nazo hazikutosha. Kwa hiyo wakatokea watu waliofukua makaburi usiku na kuwauzia walimu. Sheria haikuihesabu maiti kuwa mali ya mtu, ila sanda ilikuwa mali. Basi wezi wale waliichukua maiti, wakaiacha sanda kaburini! Matajiri waliweza kujenga makaburi imara na kuyawekea walinzi. Maskini hakuwa na kinga ila udongo.

Penye mnunuzi asiyeuliza maswali, muuzaji hakosi. Mwishoni mwa mwaka wa 1827, katika mji wa Edinburgh, mzee mmoja alikufa katika nyumba ya wageni ya William Hare kabla ya kulipa deni lake la kodi. Hare na mwenziwe William Burke waliiuza maiti yake kwa paundi 7 na shilingi 10 katika shule ya Robert Knox, mwalimu maarufu mwenye wanafunzi zaidi ya 500. Walipoona fedha ni rahisi hivyo, hawakungoja tena mtu afe. Katika muda usiotimia mwaka waliwaua watu 16, wengi wao wakiwa mafukara na wasio na jamaa wa kuwatafuta. Hare alitoa ushahidi akaachiliwa. Burke alinyongwa tarehe 28 Januari 1829, na maiti yake ikapasuliwa mbele ya wanafunzi. Knox hakushtakiwa, lakini heshima yake haikurudi.

Mwaka wa 1832 Bunge la Uingereza lilitunga sheria mpya. Tangu hapo, maiti za watu waliokufa katika nyumba za maskini bila kudaiwa na jamaa ziliweza kupelekwa kwa walimu wa anatomia. Makaburi yakapata amani. Lakini jambo lililokuwa adhabu ya muuaji sasa likawa fungu la fukara. Shule za watu binafsi nazo zikafifia, na kazi yao ikashikwa na hospitali na vyuo vikuu.

Leo njia ni nyingine. Katika England, sheria ya mwaka wa 2004 inataka mtu mwenyewe awe ametoa idhini kwa maandishi kabla ya kufa. Kilichokuwa kikiibwa sasa hutolewa.

Hatuwezi kuikataa elimu iliyopatikana zamani, kwa maana kila mgonjwa apasuliwaye salama anaifaidi. Lakini yatupasa kukumbuka ni nani walioilipia. Ada ya mwanafunzi ilihesabiwa kwa paundi, ikaandikwa daftarini. Ile iliyolipwa na mzee wa Edinburgh na wenziwe hakuna aliyewauliza kama waliridhia kuitoa.