Nukta, Nyota na Reli

Katikati ya miaka ya 1980, meza ya mfanyabiashara wa hisa pale Wall Street ilijaa skrini. Hii ilileta bei kutoka kampuni moja ya habari za fedha, ile kutoka nyingine, na skrini zenyewe hazikusemezana. Bei ikipanda huku, mtu ndiye aliyeiona kwa jicho, akaikokotoa na kuiingiza kule kwa mkono, huku soko likimkimbia.

Vivek Ranadivé, mhandisi aliyezaliwa Mumbai na kusoma MIT, alilitazama tatizo hilo kwa jicho la mtu wa vifaa. Ndani ya kompyuta za wakati huo kulikuwa na njia kuu ya nyaya, iitwayo bus, ambamo kila kadi ilichomekwa na kusikiliza yaliyoihusu. Kwa nini programu nazo zisipate njia ya namna hiyo? Kampuni yake, Teknekron Software Systems, ikaunda The Information Bus, na Goldman Sachs ikawa miongoni mwa wateja wa mwanzo. Reuters iliinunua Teknekron mwaka 1994. Mwaka 1997 ikatokea humo TIBCO Software.

Upya wa kazi hiyo ulikuwa kwenye anwani. Kwa kawaida mtumaji alipaswa kujua ujumbe unakwenda kwa nani, kwenye mashine ipi, programu ipi. Watu wa Teknekron waliliondoa jina la mpokeaji, wakaweka mada. Mwenye habari anatangaza chini ya mada fulani, anayeihitaji anajiandikisha, na wawili hao hawana haja ya kujuana. Mpokeaji wa kumi akija kesho, programu ya mtumaji haiguswi hata mstari mmoja.

Mwaka 1993 Brian Oki na wenzake watatu waliieleza kazi hiyo katika makala ya kitaalamu, na mfano wao ulitoka kiwanda cha chipu: fab5.cc.litho8.thick. Ukisomwa neno kwa neno unaeleweka: kiwanda fab5, kidhibiti cc, kituo cha lithografia litho8, kisha unene wa kisahani cha silikoni. Humo hamna jina la kompyuta itakayopokea. Kuna nukta tatu, na mfanyakazi wa kiwanda hicho anajua papo hapo kinachozungumzwa.

Mwaka huo huo IBM ilitoa programu ya MQSeries, iliyojali zaidi kwamba ujumbe ukishaingia kwenye foleni usipotee hata mashine ikizimika. Madalali wa ujumbe, yaani programu zinazopokea ujumbe na kuugawa, wakaongezeka, na tabu ikaongezeka nao, kwa sababu kila dalali alikuwa na lugha yake. Kanuni ya JMS iliwapa waandishi wa Java amri zinazofanana, lakini kilichopita kwenye waya kilibaki siri ya kila muuzaji. Benki kubwa ikajikuta imefungwa na wauzaji kadhaa kwa pamoja.

John O'Hara wa JPMorgan Chase, London, alianza mwaka 2003 kubuni itifaki iliyo wazi kwa wote, AMQP, na kampuni ya iMatix ikashiriki kuiandika. Ilitangazwa hadharani mwaka 2006. Mwaka uliofuata ilitoka RabbitMQ, dalali wa itifaki hiyo, iliyoandikwa kwa Erlang, lugha iliyozaliwa Ericsson kwa ajili ya mitambo ya simu. Uamuzi huo wa kuiachia dunia itifaki unastahili heshima sawa na uvumbuzi wenyewe. 

Katika AMQP ya RabbitMQ mtumaji hamjui hata mwenye foleni. Anaukabidhi ujumbe kwa kigawaji pamoja na ufunguo, yaani maneno yaliyotenganishwa kwa nukta, yasiyozidi baiti 255. Tuseme ufunguo ni bandari.tanga.meli. Foleni iliyofungwa kwa bandari.*.meli itapata meli za bandari zote. Iliyofungwa kwa bandari.# itapata kila habari ya bandari. Nyota husimama mahali pa neno moja kamili, reli hubeba maneno yoyote, hata yasipokuwepo. Ni nyota na reli zile zile ambazo mtu wa Dar es Salaam huzibonyeza anapotuma pesa kwa simu.

Hapa ndipo wengi huumia. Mtu akiandika bandar badala ya bandari, RabbitMQ haipigi kelele. Kama hakuna foleni inayolingana, ujumbe hutupwa, isipokuwa mtumaji ameomba arudishiwe au kumewekwa kigawaji mbadala. Orodha ya majina ya mada ikubaliwe na wote kabla foleni ya kwanza haijafungwa.

Mbali na mabenki, Andy Stanford-Clark wa IBM na Arlen Nipper walikuwa wamefika mahali hapo hapo kwa njia nyingine. Mwaka 1999 walitaka kufuatilia mabomba ya mafuta kupitia setilaiti, ambako kila baiti ililipiwa. Itifaki yao, MQTT, ina kichwa cha ujumbe kinachoweza kuwa na baiti 2 tu. Nayo hutumia mada, ila hutenganisha maneno kwa mkwaju, na alama ya kujumlisha hufanya kazi ya nyota. Mwaka 2011 Facebook iliichukua kwa Messenger, isimalize betri za simu.

Leo RabbitMQ ikiwashwa, kigawaji kiitwacho amq.topic kipo tayari. Ikiwezeshwa kupokea MQTT, na kifaa cha MQTT kikiunganishwa nayo, ujumbe wake huingia humo humo: mkwaju hugeuzwa nukta, na alama ya kujumlisha hugeuzwa nyota.